Kufundisha siasa kwa mahesabu hapa Bukavu: yale niliyoyapata njiani

Watu wakisikia natumika kwenye fakilte ya siasa, swali la kwanza ni nani atakuwa guverneri, la pili ni mimi niko wa chama gani. Nikiwaambia kazi yangu ni kuandika mahesabu juu ya siasa wananyamaza kidogo, halafu wanasema aah, kumbe unahesabu kura. Hapana, kura inahesabiwa na CENI, tume ya uchaguzi. Mimi natengeneza modeli: nachukua watu wawili, watatu ama kumi, naandika kila mmoja anataka nini, anajua nini, anaweza kufanya nini, halafu natafuta kwa mahesabu wakikutana itatokea nini. Ndiyo inaitwa nadharia ya michezo. Vijana wengi, zaidi mabinti, wananiuliza kwa WhatsApp nilipitia wapi na kama inawezekana kufanya hii kazi ukiwa huku kwetu, basi leo naandika yote pamoja, mtanisamehe urefu.

Sekondari nilisoma opsioni ya matematika na fizika. Baba alitaka niende politekniki Lubumbashi, niwe enjenia. Mimi nilikuwa na swali lingine. Mwaka 1996 mji wetu wa Bukavu, hapa mashariki ya Kongo, ulianguka kwa waasi nikiwa mtoto mdogo, 2004 ukachukuliwa tena niko sekondari, na kila mara wakubwa nyumbani walikuwa na maelezo ya aina moja: ni fulani ndiye ameleta haya, akitoka yeye yataisha. Fulani akatoka. Wakaja wengine, na maelezo yakabaki yaleyale, jina tu ndilo lilibadilika. Nikawa najiuliza kama kila mwaka tunapata mtu mbaya mpya basi labda tatizo haliko kwa mtu, liko kwa kile kiti anachokalia, na mtu yeyote ukimkalisha pale atafanya vilevile. Sikuwa na maneno ya kulisema hivyo wakati ule lakini ndilo swali lililonipeleka siasa na siyo politekniki. Baba alikasirika mwaka mzima.

Pale chuo nikakuta siasa ni historia, sheria ya katiba, na majina ya wakubwa wa zamani wa kushika kwa kichwa. Sisemi ni mbaya, bila historia ya hapa hata modeli yangu moja haisimami. Ila silabusi moja ilikuwa na aya moja tu juu ya von Neumann na Morgenstern, kitabu chao cha 1944, kwamba eti migongano ya watu inaweza kuandikwa kwa mahesabu. Aya moja, nikaisoma mara nyingi kuliko silabusi yote. Nikatafuta fotokopi, nikapata makala ya mwanahesabu John Nash ya 1950, fupi sana, na sikuelewa kitu. Rafiki zangu wa matematika pale ISP, chuo cha ualimu, ndio walinikalisha chini. Nawashukuru mpaka leo. Walinifundisha kwamba haya mambo hayasomwi kama gazeti, unasoma mstari mmoja, unafunga karatasi, unajaribu kuuandika mwenyewe, ukikwama unarudi. Usiku ndiyo ilikuwa saa ya kupakua maPDF juu mega za intaneti zilikuwa bei rahisi, na umeme ukienda unaendelea na tochi ya simu.

Anayetaka njia hii asidanganywe kwamba inataka akili ya ajabu. Inataka aljebra ya kawaida, derivative, probabilite na uvumilivu wa kuthibitisha jambo hatua kwa hatua. Mabinti hasa nawaambia habari za Elinor Ostrom. Alipokuwa shule Marekani walimzuia kusoma trigonometria, wasichana hawakuhimizwa, na alipoomba kufanya doktora ya uchumi pale UCLA wakamkatalia juu hana hesabu za kutosha. Akafanya doktora ya siasa, akaimaliza 1965, akazunguka kuuliza wavuvi, wakulima wa mifereji, watu wa misitu, wanalindaje mali yao ya pamoja bila serikali na bila mtu mmoja kumiliki yote, akaweka majibu yao pamoja na nadharia ya michezo. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, na hakuwa mtu wa uchumi, alikuwa mtu wa siasa. Ukikaa kando ya ziwa Kivu ukaona wavuvi wa sambaza wanavyogombana juu ya nani anavua wapi na kwa nyavu gani, unaelewa haraka yule mama alikuwa anaongea juu ya nini.

Siku ya kutetea memware, kazi ya kumaliza chuo, mzee mmoja wa juri akaniuliza: "Mwanangu, hii ni siasa ama ni mahesabu? Mwananchi yuko wapi ndani ya hizi herufi?" Nikamjibu, Papa prof, mwananchi ni hii herufi i, na nimeandika hapa anaogopa nini na anatafuta nini, ukiona nimekosea kuandika uoga wake nionyeshe mstari. Akainama akatafuta mstari. Akaupata kweli, mstari mmoja pale nilipoandika kwamba mwananchi anajua jeshi lina nguvu kiasi gani. Akasema huyu mwananchi wako anajua mambo ambayo hata mimi siyajui. Tukaongea pale karibu saa nzima, ikawa mazungumzo bora ya siasa niliyowahi kuwa nayo na mtu mkubwa, na hatukutaja jina la mtu hata mmoja.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho vitabu vya Marekani havikuniambia, juu wao hawakihitaji kama sisi. Oditwari ya Bukavu, ile sale kubwa ya kufundishia, ina watoto wa kila upande. Kuko mtoto wa askari, mtoto wa mfanyabiashara, mtoto aliyekimbia kijiji chake, mtoto ambaye mjomba wake alikuwa na kundi porini, na wote wanajuana makabila kwa majina tu. Ukianza kuongea vita kwa majina, baada ya dakika kumi nusu ya darasa imenyamaza na nusu nyingine inapiga kelele, na wewe mwalimu unaanza kufikiri utafikaje nyumbani. Lakini ukiandika A na B kwa ubao, ukasema A ana silaha, B ana serikali, wote wawili wanapoteza wakipigana, kwa nini basi hawapatani? Mikono inainuka. Kila mtu anajua A ni nani kwa kichwa chake, na kila mmoja ana A yake, lakini kwa mdomo anapaswa kuongea juu ya mstari: hapa umesema B anatimiza ahadi, kwa nini atimize? Mtu anashambulia mstari badala ya kumshambulia mwenzake wa benchi. Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya hesabu kwenye siasa, kubwa kuliko kutabiri.

Hilo swali la A na B liliandikwa vizuri na James Fearon, mtu wa siasa wa Marekani, mwaka 1995. Vita ni hasara kwa wote, sasa kwa nini kuko vita? Anatoa sababu ambazo zinabaki hata watu wakiwa na akili timamu. Moja ni kwamba kila upande unajua nguvu yake na una faida ya kudanganya juu yake. Nyingine, ambayo kwetu ndiyo nzito zaidi, ni ahadi isiyo na kitu cha kuishikilia: leo B anamwambia A weka silaha chini tutakupa nafasi jeshini na serikalini, A anajiuliza kesho nikiwa sina silaha nani atamlazimisha B atimize? Na B naye anajiuliza, nikimpa nafasi jeshini leo, nani atamzuia kesho kutoka nayo porini? Mikataba tunayo mingi. Ule wa tarehe 23 mwezi wa tatu 2009 ulitoa hata jina la kundi la M23 lililoanza 2012 likisema mkataba haukutimizwa. Wanafunzi wakiona hili kwa ubao wanatulia. Hawasemi tena watu wetu hawana roho, wanaanza kuuliza nani anaweza kushikilia ahadi, kwa nguvu gani, na yeye mwenyewe anashikiliwa na nani. Mwaka 2025, Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, M23 iliingia mijini, na yaliyofuata kila familia ya huku inayajua, sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba tangu hapo naona faida ya zile herufi kuliko zamani.

Sasa niwaonyeshe modeli yenyewe, ile ya mabariere, vizuizi vya njiani ambapo unalipishwa kabla ya kupita, maana kila mtu wa Kivu amepita bariere. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la utafiti la Ubelgiji, walitoa ramani wakahesabu mabariere 798 katika Kivu zote mbili, ya jeshi, ya makundi, ya serikali, ya kila aina. Darasani tunarahisisha. Tuseme bila kodi yoyote kamyo (malori) 12 zingepita njia fulani kila siku, na kila dola moja ya kodi inafanya kamyo moja iache safari. Kukiwa bariere moja tu, mwenye bariere akichukua dola 6 kamyo 6 zitapita, anapata 36, na hakuna bei nyingine inayompa zaidi. Sasa weka mabariere matatu na kila mmoja ajipangie bei yake. Kila mmoja ataishia kwenye dola 3, jumla 9, kamyo zitakazopita ni 3, kila bariere inapata 9, wote pamoja 27. Umeona? Mfanyabiashara analipa zaidi, kamyo zimepungua, na hata wale wanaokula wamekula kidogo kuliko yule mmoja. Weka mabariere 11: kila mmoja anachukua dola 1 tu, anakuambia kwa roho nyeupe mama mimi nachukua kidogo, na ni kweli anachukua kidogo, lakini jumla ni 11 na ni kamyo moja tu inapita. Njia imekufa.

Wanafunzi wanauliza kwa nini wale watatu wasipatane kila mmoja achukue 2? Jumla 6, kamyo 6, kila mmoja 12 badala ya 9, wote wanafurahi mpaka mfanyabiashara. Ndiyo, lakini wenzako wakiwa kwenye 2, wewe ukipandisha mpaka 4 unapata 16, wao wanabaki na 8. Kila mmoja anaona ile 16. Hapo unaelewa kwamba kumfukuza askari wa bariere na kumweka mwingine hakubadilishi chochote. Mfaransa Cournot aliandika hesabu hii mwaka 1838, mmoja anauza shaba, mwingine anauza zinki, na anayetaka kutengeneza shaba ya njano lazima anunue kwa wote wawili. Watu wa Lubumbashi, mji wa shaba, wangemwelewa haraka.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi haikutoka kwa Cournot. Ilitoka kwa binti mmoja wa mwaka wa tatu ambaye mama yake anafanya biashara ya unga na mafuta ya mawese. Akainua mkono: "Mama prof, hii modeli inasahau mkubwa. Yule askari hachukui za kwake, jioni anapaswa kupeleka raporti juu, na raporti ina bei." Darasa lote likacheka juu kila mtu anajua raporti, zile pesa mkubwa anadai kwa askari kila jioni, kumbe hatukuwa tumeiandika. Tukaiandika. Kama kila mmoja wa wale watatu anadaiwa 10 kila jioni na bei ya dola 3 inampa 9, analala na deni, na anaogopa kubadilishwa. Akipandisha peke yake anapata chini ya 9, akiteremsha peke yake vilevile, kwa hiyo bei haina msaada tena na anatafuta njia nyingine, anashika mizigo, anafungua bariere ya usiku, anasimamisha hata mama wa kikapu aliyekuwa anapita bure. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mbaya zaidi kuliko jana, ni ile 10 iliyotoka juu. Sasa swali linahama kutoka njiani linapanda kwa yule anayepanga raporti, na huko ndiko lilipaswa kuwa tangu mwanzo.

Juu ya uchaguzi nitapita haraka. Mwaka 2006 Rais alichaguliwa kwa duru mbili, mwezi wa kwanza 2011 katiba ikabadilishwa ikawa duru moja. Watu wanaona ni jambo la wanasheria, mimi naona mchezo mzima umebadilika, maana kwa duru moja upinzani lazima upatane kabla ya kura na siyo baada. Tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2018 wakubwa saba wa upinzani walisaini Geneva kuwa na mgombea mmoja, kesho yake wawili wakatoa saini zao. Wanafunzi walikuwa na hasira, wanasema usaliti. Nikawaambia haya, andikeni mtu saba, wekeni mnachojua kila mmoja anapata akibaki na akitoka, na nani anamwadhibu akitoka. Hakukuwa na wa kuadhibu, na wafuasi wao walikuwa wanawaadhibu kwa kubaki. Riker naye, yule wa chuo cha Rochester Marekani, aliandika mwaka 1962 kwamba muungano haukui kupita kile kinachotosha kushinda, maana kila mtu wa ziada ni sahani ya ziada mezani. Bunge letu lina viti 500, 251 vinatosha, lakini Union sacrée, muungano wa Rais Tshisekedi, ilipoanza iliwameza watu mpaka mbali sana kupita pale. Modeli ikishindwa namna hiyo mimi nafurahi, juu inanilazimisha kutafuta: labda depite wetu, wabunge, hawaingii ili muungano ushinde, wanaingia juu kubaki nje ni hatari, na huo ni mchezo mwingine kabisa.

Likelemba, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, inanisaidia kufundisha upande wa pili, kwamba kuko mahali ambapo ahadi inashika bila askari wala hakimu. Mama kumi Nyawera kila wiki wanatoa, mmoja anapokea. Anayepokea wa kwanza ana faida kubwa ya kutoroka, wa mwisho hana kabisa. Ndiyo maana mama rais wa likelemba hawezi kumweka mgeni nafasi ya kwanza, mgeni anakaa chini ya listi mpaka ajulikane. Hajasoma Nash, lakini listi yake ukiiandika kwa hesabu ni sahihi karibu kila mara, na akikosea ni mambo ya ugonjwa ama kifo, siyo ya kupanga vibaya. Mimi nilimwomba mama mmoja aje oditwari aeleze anavyopanga listi, wanafunzi wakamwandika kama prof mgeni.

Kazi yenyewe ya chuo ina ngazi ndefu: asistenti, shefu wa travo, teze, halafu profesere, na miaka ya asistenti ndiyo inamaliza watu. Mshahara unachelewa, unasimamia mainterro (majaribio) ya kozi siyo yako, unasahihisha karatasi mpaka macho yanauma. Wenzangu wengi wenye akili kuliko mimi wameenda kwa maONG, mashirika yasiyo ya serikali, na siwalaumu, watoto wanakula. Kinachoniuma ni kingine. Watafiti wanatoka mbali na kwestionere (karatasi za maswali) tayari, sisi wa hapa tunabeba, tunapanda milima, tunaongea na watu wenye silaha, tunarudisha data, na kwenye makala jina letu linakuwa kwenye shukrani chini. Mimi nimebeba hizo kwestionere. Na siyo kwamba kazi zinazotoka ni mbaya. Raúl Sánchez de la Sierra alitoa makala mwaka 2020 juu ya huku kwetu ambayo nafundisha kila mwaka: bei ya koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya umeme, ilipopanda sana mwaka 2000, makundi yalitia kodi pale pale kwa mgodi, juu koltani ni nzito haifichiki, lakini dhahabu unaificha mfukoni, kwa hiyo kwa dhahabu wao walipandisha kodi kijijini, pale mchimbaji anapotumia franga zake. Nikisoma ile ninaona njia zote nilizopita, na ninaona pia hesabu ambayo mtoto wa Walungu ama Shabunda angeweza kuandika kama angepewa miaka mitano ya kukaa na kalamu.

Kwa hiyo sisi tulikubaliana jambo moja kwenye kikundi chetu: hakuna anayekubali kazi ya kwenda terrain, kukusanya data kwa watu, kabla hajaona modeli na hajaruhusiwa kuikosoa kwa maandishi. Wengine walikataa masharti hayo wakatafuta watu wengine, wengine wamekubali, na makala mbili sasa ziko na majina ya watu wa hapa juu, kwenye mstari wa waandishi. Moja ni ya yule binti wa raporti, yuko asistenti sasa.

Tulichokwama nacho hivi sasa ni chake pia. Mtu wa uchumi Mancur Olson alisema mwaka 1993 kwamba mwizi anayekaa mahali pamoja ana sababu ya kuwaachia watu kitu, kesho atarudi kwao, anayepita hana. Lakini mkubwa wa mabariere yeye anabadilishwa kila mara na bariere inabaki palepale, na askari wake wanabaki. Je, nani hapo anakaa na nani anapita? Tukimweka mkubwa kuwa mpita njia, raporti inapanda kila anapokaribia kuhamishwa, na modeli inasema tungepaswa kuona kamyo zikipungua kabla ya uhamisho na siyo baada. Wenye kamyo wanaandika tarehe zao za safari kwenye makaye (daftari). Tumeanza kuwaomba.